Kiingilio na Rambirambi

Mwezi Agosti mwaka 2017 niliandika jina langu katika daftari la rambirambi, na mbele ya jina nikaandika shilingi 20,000. Marehemu alikuwa mtu ambaye kwa miaka minne mfululizo nilikataa kumpa shilingi 3,000. Naanza na jambo hili ili msomaji ajue kwamba katika mashitaka nitakayoyasoma hapa, mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenzake hana budi kuanza na lake.

Marehemu alikuwa mpiga gitaa la solo. Jina lake silitaji, kwani hakuniachia ruhusa ya kumtangaza. Alikuwa wa rika langu. Alianza kupiga hapa hapa Morogoro akiwa kijana, akaenda Dar es Salaam kama walivyokwenda wengi, na uzee ulipomkaribia akarudi nyumbani. Kila Jumapili kuanzia saa kumi na moja jioni, yeye na wenzake wanne walipiga muziki katika ukumbi wa baa moja iliyo karibu na nyumba yangu. Kiingilio kilikuwa shilingi 3,000.

Mimi sikuingia. Nje ya ukuta wa ukumbi ule alikuwapo muuza kahawa mwenye benchi, na hapo ndipo palipokuwa kiti changu. Kwa vikombe viwili vya kahawa na kipande cha kashata nilikaa mpaka magharibi nikisikiliza. Nilijiona mtu mwerevu. Siku moja wakati wa mapumziko fundi alitoka nje kupunga upepo, akanikuta pale.

"Mwalimu, habari za nyumbani?"

"Njema, fundi. Pole na kazi."

"Nimekwisha poa. Lakini karibu ndani, mwalimu. Huku nje unasikia besi tu. Solo haipiti ukutani."

Nikamjibu kwamba mimi ni mstaafu, kiinua mgongo nacho kilikwisha kwenye mabati, ila wiki ijayo nitaingia. Akacheka, akaniagizia kikombe cha tatu kwa fedha yake, akarudi kazini. Wiki ijayo hiyo ilichukua miaka minne, na haikufika.

Sasa nieleze upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2016, katika kipindi kile kile cha benchi, nilitumia zaidi ya shilingi 60,000 kununua santuri kutoka Ulaya. Mpwa wangu aliyekuwa akisoma Uingereza aliniandikia kwamba kampuni ya Strut inatoa upya nyimbo zote za bendi ya Sunburst, zile walizorekodi kati ya mwaka 1973 na 1976. Sikulala usiku ule. Nilimtumia fedha kabla santuri haijatoka, nikahesabu miezi, nikafuta vumbi gramafoni yangu, nikatafuta sindano mpya mjini kwa siku tatu. Mpwa alipofika nyumbani kwa likizo niliipokea santuri ile kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea mtoto mchanga.

Vijana wa leo hawawajui Sunburst, na wazee wengi wamewasahau, kwa hiyo sina budi kueleza. Nilipoingia chuo cha ualimu Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini, mji ule ulikuwa na vitu viwili vilivyopita njia tofauti. Usiku ulikuwa wa watu wazima na madansi yao: NUTA Jazz, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na wengineo. Mchana wa Jumamosi na Jumapili ulikuwa wetu sisi vijana, na shughuli yetu tuliiita bugi. Tulilipa kiingilio kidogo, tukanywa soda, tukacheza mpaka jua linazama, kisha tukarudi mabwenini kabla mwalimu wa zamu hajafunga lango. Bendi za bugi zilikuwa za vijana wenzetu: Rifters, Sparks, Safari Trippers aliyoimbia Marijani Rajabu, Afro 70 ya Patrick Balisidya, na Sunburst. Walianza kwa kuiga nyimbo za James Brown, Jimi Hendrix na Santana. Baadaye walichoka kuiga.

Wakati huo kupenda muziki wa namna hiyo hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul. Nguo za kubana na sketi fupi nazo zilikuwa na kesi yake. Tuliambiwa kwamba gitaa linalolia kwa nguvu ni dalili ya akili iliyotekwa na wageni. Sunburst walijibu shutuma hiyo bila kuandika barua gazetini. Iliyoanzishwa mwaka 1970 na wanamuziki waliotoka nchi zaidi ya moja ya Afrika, bendi ile ilichukua roki, ikaifunga kwenye ngoma zetu, ikaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwaka 1973 walirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Baadaye walihamia Zambia, na huko mwaka 1976 wakatoa santuri yao kubwa ya Ave Africa. Kisha wakatawanyika, na kimya kikatanda kwa miaka arobaini.

Hiyo ndiyo santuri niliyoisubiri. Nilipoiweka kwenye gramafoni nilirudi kuwa na umri wa miaka 22. Nilisoma kijitabu chake mara tatu: nani alipiga nini, wapi, mwaka gani. Ndipo kikanijia kitu kilichoninyima raha. Ilikuwa Jumapili. Dirisha lilikuwa wazi, na kati ya wimbo mmoja na mwingine nilisikia, kwa mbali, besi ya ukumbi wa jirani. Fundi alikuwa kazini. Niliondoka kwenye kiti, nikafunga dirisha ili anisubiri nimalize santuri yangu.

Kosa la taifa zima limo katika kitendo hicho cha kufunga dirisha, na ndilo ninalotaka tulijadili.

Tunalo neno moja ambalo redio zetu na wapenzi wa muziki wa zamani wamelizoea: zilipendwa. Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, nami naomba tulikague neno hili kama tunavyomkagulisha mwanafunzi wa ualimu. Kiini chake ni penda. Kauli yake ni ya kutendwa, kwa hiyo mtendaji hayupo; hatuambiwi ni nani aliyependa. Wakati wake ni uliopita, kwa hiyo kupenda kwenyewe kumekwisha. Ukiita wimbo zilipendwa umesema mambo mawili: kwamba hakuna mtu anayewajibika kuupenda, na kwamba hata aliyekuwapo ameacha. Wimbo unaopigwa Jumapili hii na mtu aliye hai, jasho likimtoka, tunauita kwa neno la makaburini. Kisha tunashangaa kwamba ukumbi hauna watu.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mimi mwenyewe niliyatoa kwa miaka minne. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni umaskini. Tunasema watu hawana fedha. Jibu hili lina ukweli kwa aliye maskini kweli, naye simgusi. Lakini naomba tutazame tunachokifanya misibani. Mwanamuziki akifa, watu wale wale wasio na fedha hukodi gari, huvaa fulana zenye picha yake, hutoa rambirambi, hula pilau, na wakubwa huja na bahasha na hotuba. Siku ya mazishi ya fundi nilihesabu watu zaidi ya mia nne. Jumapili yake ya mwisho ukumbini, muuza kahawa aliniambia, waliingia kumi na mmoja. Kama kila mmoja wa waombolezaji wale angeingia mara moja tu kwa mwaka, fundi angepata wasikilizaji wanane zaidi kila Jumapili, na asingekwenda hospitali akiwa amechelewa. Fedha zipo. Tatizo ni kwamba tumemwekea mauti bei kubwa kuliko kazi. Rambirambi tunaitoa kwa sababu jina letu linaandikwa na kusomwa. Kiingilio hakina daftari.

Sisemi tuache kuzikana. Kuzikana ni utu, na nisingependa kuishi mahali ambapo watu hawazikani. Nasema tu kwamba mkono unaofunguka kwa maiti peke yake haujawa mkono mkarimu.

Jibu la pili ni vijana. Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba vijana wa siku hizi hawathamini muziki wa kwao, wameharibiwa na vyombo vya kompyuta. Nasema jibu hili ni la aibu. Mwaka 2013 mzee Muhidin Gurumo alipostaafu baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka hamsini, ilijulikana hadharani kwamba hakuwa na gari la kumfikisha mahali. Aliyempa gari alikuwa Diamond Platnumz, kijana wa muziki huo huo tunaousema vibaya. Sisi tuliocheza nyimbo za Gurumo tangu NUTA Jazz mpaka Msondo, tuliooa na kuoza kwa nyimbo zake, tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye benchi la kahawa. Gurumo alifariki mwezi Aprili mwaka 2014, nasi tukajaa mazishini. Vijana hawawezi kuutupa urithi ambao hawakukabidhiwa.

Jibu la tatu ni wageni. Wapo wanaosema kwamba hizi kampuni za Ulaya na Marekani zinazotoa upya muziki wetu ni wezi. Hapa inabidi tutofautishe. Yupo anayekuja, akamtafuta mwenye wimbo, akatia sahihi mkataba, akalipa, akaandika majina. Yupo anayechukua bila kuuliza. Wa pili ni mwizi, na aitwe hivyo. Lakini wa kwanza amefanya kazi tuliyoiacha sisi. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi iliyoufanya mji huu wangu ujulikane, nilizisikia tena kwa usafi baada ya kutolewa upya Ujerumani. Mfululizo wa Zanzibara, uliokusanya taarab ya pwani pamoja na dansi la Dar es Salaam, ulitolewa Ufaransa. Hasira yetu dhidi ya wageni ingekuwa na uzito kama sisi wenyewe tungekuwa tumewahi kununua. Mtu akiiacha nyumba yake bila mlango kwa miaka arobaini, kisha jirani akaingia kufagia, si haki kuanza kwa kumpigia jirani kelele.

Jibu la nne ni la kisasa: kwamba nyimbo hizo zote zimo kwenye YouTube, anayetaka atazame kwenye simu yake bure. Ni kweli, nami huzisikiliza huko. Lakini bure hiyo imelipwa na mtu. Imelipwa na yule aliyepiga, ambaye jina lake aghalabu halimo. Zile santuri ndogo za mizunguko 45 ziliandika jina la bendi na la mtunzi. Mpiga solo, mpiga besi na mpiga tumba hawakuandikwa. Mtu akiuliza leo nani alipiga gitaa lile lililomtoa machozi, hakuna wa kumjibu isipokuwa mzee mmoja aliyebaki, na mzee huyo yuko ukumbini Jumapili akisubiri mtu aingie.

Baada ya kuyakataa majibu haya, ni haki nieleze tulifikaje hapa, kwani hapo zamani hali haikuwa hivi. Bendi zetu nyingi zilikuwa na mwenyewe. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Mlimani Park ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na jeshi, polisi na JKT nao walikuwa na zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na vyombo vilinunuliwa na taasisi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, maana mwenye vyombo ndiye aliyechagua wimbo, na mpigaji akihama aliondoka mikono mitupu. Lakini ulitudanganya sisi wasikilizaji kwamba muziki ni kama maji ya bomba la mtaani, unatoka wenyewe. Uchumi ulipoyumba miaka ya themanini na mashirika yakaanza kufa au kubinafsishwa, bomba lilikauka. Msikilizaji alitakiwa sasa abebe mzigo uliobebwa na shirika, naye hakuwa na mazoea hayo.

Upande wa santuri hali ilikuwa mbaya zaidi. Hapa nchini muziki ulirekodiwa redioni, lakini santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa mwaka 1983. Katika miaka hiyo bendi zetu zilikuwa katika kilele cha ubora wao, na nyingi ya kazi zao zilibaki kwenye kanda za redio tu. Sisi tulizirekodi kwa redio kaseti zetu, tukapeana, na wachuuzi wakazinakili na kuziuza mitaani. Mpigaji hakuona senti. Huko nyuma naona ndiko tulikojifunza kwamba muziki haulipiwi.

Nami nina dhambi yangu ya kiofisi. Chuo nilichokuwa mkuu wake kilikuwa na magitaa matatu, amplifaya mbili na ngoma kamili, vilivyonunuliwa na walionitangulia. Wanachuo waliunda bendi kila mwaka, na kwenye mahafali walipiga wao au tulialika bendi ya mjini. Mwaka 1988 mhasibu aliniletea hesabu: bendi inakuja na watu kumi na wawili, wanakula, wanalala, wanalipwa, disko linakuja na mtu mmoja na sanduku la kaseti. Nilitia sahihi disko. Mwaka uliofuata nikatia sahihi tena. Miaka mitatu baadaye magitaa yale yaliorodheshwa kuwa vifaa chakavu, yakauzwa kwa mnada, nami nikaona nimeokoa fedha ya umma. Walimu mia mbili walitoka chuoni kwangu kila mwaka kwenda kufundisha nchi nzima, na tangu siku ile hakuna hata mmoja aliyetoka akiwa ameshika gitaa. Nikizidisha idadi hiyo kwa miaka niliyobaki kazini, naona ni shule ngapi nilizozinyamazisha kwa kalamu moja. Kwa hiyo mzee akiniambia vijana hawajui vyombo, namwambia aje aniulize mimi.

Sasa nirudi kwenye santuri zinazotolewa upya, kwani nisije nikaeleweka kwamba nazipinga. Nazipenda, na nitaendelea kuzisubiri. Lakini tujue zinaweza nini na haziwezi nini. Huko Zambia kulikuwa na bendi ya roki iliyoitwa WITCH. Nyimbo zake zilipotolewa upya Marekani miaka ya karibuni, mwimbaji wake Emmanuel Chanda, aliyejulikana kwa jina la Jagari, alitafutwa, akapandishwa tena jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 bendi ikatoa santuri mpya iitwayo Zango. Huo ndio uzuri wa jambo hili: wimbo wa zamani ulimrudisha mtu hai kazini. Lakini kati ya wale waliorekodi santuri za mwanzo pamoja naye, wenzake walikuwa wamekwisha kufa. Santuri ilifika, watu hawakuisubiri. Kutoa upya muziki ni mbio dhidi ya mauti, na sisi tumekaa tukitazama nani atashinda.

Mbio nyingine ni dhidi ya unyevu. Kanda za sumaku zilizojaa katika maktaba ya redio ya taifa ni hazina ambayo nchi nyingi hazina. Lakini kanda si jiwe. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku juu ya utepe hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam sote tunaijua. Utepe huanza kunata, unga hubanduka, na mashine za kuchezea kanda hizo nazo huzeeka bila vipuri. Kila mwaka unaopita bila kunakili kanda hizo kwenye kompyuta ni mwaka ambao baadhi ya sauti zinaondoka. Hilo halihitaji kamati. Linahitaji chumba kikavu, mashine nzima, fundi anayelipwa, na orodha ya kilichomo ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma.

Na mbio ya tatu ni dhidi ya sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, kwa hiyo miaka yake ilitimia 2015. Mbaraka Mwinshehe, aliyepigia Morogoro Jazz kisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari mwezi Januari mwaka 1979. Miaka yake 50 itatimia 2029. Tangu leo mpaka hapo ni muda mfupi kuliko aliotumia mtoto kumaliza shule ya msingi. Baada ya hapo yeyote atauza tungo zake hapa nchini bila kuwadai warithi ruhusa. Nauliza: katika miaka yote hii haki ikiwa hai, warithi wa watunzi wetu wamefaidi nini? Tukisubiri muda uishe ndipo tuanze kupiga kelele za wizi, kelele hizo zitakuwa za mtu aliyeamka soko limefungwa.

Basi nataka nini? Sitaki sanamu, wala siku ya kitaifa, wala hotuba. Nataka mambo manne, na la kwanza haligusi serikali.

La kwanza, tulipe kiingilio. Kila mtu aliyecheza muziki huu ujanani, na ambaye bado ana pensheni au mtoto anayemtumia fedha, aingie ukumbini mara moja kwa mwezi. Asikae nje. Asiombe punguzo kwa mvi zake. Aliye jukwaani naye ana mvi.

La pili, walimu wa Kiswahili na historia wawatume wanafunzi kwa wazee hawa na madaftari. Waulize: ulipiga chombo gani, bendi gani, mwaka gani, wimbo gani. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo. Kazi hiyo ni ya wiki moja na haina gharama, na majina yatakayopatikana ndiyo yatakayoandikwa siku santuri itakapotolewa upya, na ndiyo yatakayopokea malipo.

La tatu, kanda za redio zinakiliwe, na kila zinapouzwa au kukodishwa, sehemu ijulikanayo iende kwa waliopiga au warithi wao, kwa hesabu inayobandikwa ukutani.

La nne, vyuo vya ualimu virudishiwe magitaa. Hili nalidai kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo deni langu.

Jumapili iliyofuata mazishi ya fundi niliingia ukumbini. Nilitoa shilingi 3,000, nikapewa kipande cha karatasi chenye muhuri, nikakaa karibu na jukwaa. Nafasi ya fundi alikuwa kijana mmoja aliyekuwa akifundishwa naye, mwenye umri wa mjukuu wangu. Aliogopa mwanzoni. Walipofika kwenye chemko, pale ngoma zinapokaza na waimbaji wanapoacha nafasi, aliinamisha kichwa akapiga, nami nikasikia kwa mara ya kwanza namna gitaa lile lilivyokuwa likizungumza na ile besi niliyoijua kwa miaka minne. Nilikuwa nikijua nusu ya kila wimbo. Nilitamani kumwambia fundi kwamba alisema kweli, kwamba solo haipiti ukutani.

Tangu siku hiyo sijakosa, isipokuwa nikiugua. Tumekuwa watu kati ya ishirini na thelathini. Kijana yule sasa ana wimbo wake mwenyewe, na hauitwi zilipendwa.

Msomaji, kama uko Morogoro siku ya Jumapili, tunaanza saa kumi na moja. Kiingilio kimepanda, sasa ni shilingi 5,000. Njoo na fedha kamili, kwa maana kijana wa mlangoni hana chenji. Muuza kahawa bado yuko nje na benchi lake; mpite kwa salamu, uingie ndani.